Sura ya bioanuwai ni kurasa mbili, na orodha ya miti ina mbuyu. Niandike nini kwenye maoni?

BintiSambaa aliandika:

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wenu, hasa mliowahi kushiriki tathmini ya athari kwa mazingira (TAM) kwenye hii milima yetu.

Mimi ni afisa mazingira wa halmashauri, huku Usambara Mashariki. Tumeletewa mradi mdogo wa umeme wa maji. Banio, yaani ukuta mdogo wa kukinga maji ya mto, litajengwa juu ya maporomoko, maji yataingia kwenye bomba, yatateremka kwa pembeni ya mlima hadi kwenye nyumba ya mitambo, kisha yatarudishwa mtoni. Kati ya banio na mitambo kuna kipande cha mto cha kama kilomita mbili ambacho miezi mingi ya mwaka kitabaki na maji kidogo tu. Hicho kipande ndicho chenye maporomoko na korongo.

Niseme mapema: vijiji vinautaka umeme huu, na mimi nautaka. Kuna mashine za kusaga zinazokunywa dizeli inayopandishwa kwa pikipiki, na shule ya sekondari ambayo watoto wanajisomea kwa taa za simu. Sitafuti sababu ya kuukataa mradi.

Tatizo langu ni rasimu ya ripoti tuliyoletewa tuitolee maoni. Ina kurasa zaidi ya mia mbili. Sura ya bioanuwai, yaani aina za viumbe hai waliopo, ni kurasa mbili, na moyo wake ni aya hii: "Eneo la mradi lina nyani, kima, ndege wa aina mbalimbali, vyura na mijusi. Hakuna spishi iliyo hatarini kutoweka iliyoonekana wakati wa utafiti. Athari kwa bioanuwai zinatarajiwa kuwa ndogo na zitapunguzwa kwa kupanda miti."

Halafu kuna jedwali la miti. Linaanza vizuri: mvule, msambu, mtambara. Mstari wa tisa ni mbuyu, na wa kumi ni mgunga. Korongo lile asubuhi lina ukungu hadi saa nne, mawe yote yamevaa kijani, watu wanalima iliki chini ya miti mikubwa. Mbuyu upo huko chini kwenye joto. Nahisi jedwali limehamishwa kutoka ripoti ya mahali pengine na kuongezewa majina mawili matatu ya kwetu. Utafiti wa uwandani ulifanyika Agosti, na kwa ratiba iliyoambatishwa kila kitu kilifanyika mchana.

Mradi uliopita niliandika kwamba "bioanuwai iangaliwe kwa kina zaidi". Ripoti ikarudi na nusu ukurasa wa ziada, picha mbili za vipepeo, basi. Safari hii nataka kuandika kitu kisichoweza kujibiwa kwa picha za vipepeo.

Maswali yangu: niombe nini hasa, kwa maneno gani? Na je, kuna njia ya kuyaingiza mambo haya kwenye mipango ya halmashauri yenyewe, ili tusiwe tunakimbizana na kila mradi unapofika? Mkuu wangu wa idara anasema mradi mdogo usipewe masharti ya mradi mkubwa. Naomba kuwasilisha.

---

Mshauri_Moro alijibu:

Dada, salaam. Mimi ni mmoja wa wanaoandika ripoti hizo, kwa hiyo nikueleze zinavyopikwa.

Mwekezaji akinipigia simu, swali la kwanza ni bei na la pili ni lini cheti cha mazingira kitatoka. Ninapopanga bajeti natazama hadidu za rejea zilizopitishwa, yaani maelekezo ya kazi ninayotakiwa kufanya. Zikisema "kueleza mimea na wanyama wa eneo la mradi", nitapeleka mtu mmoja kwa siku chache, naye ataeleza mimea na wanyama. Zikisema "vyura watafutwe usiku, vuli na masika, na mtu anayewajua", naweka kwenye bei na mwekezaji analipa, kwa kuwa anajua bila hilo ripoti itarudishwa. Ugumu ni kwamba asilimia kubwa ya maoni tunayoyapata yanakuja mwishoni, fedha ya uwandani ikiwa imeshatumika, na hapo ndipo nusu ukurasa wa ziada unapozaliwa.

Kwa hiyo kabla hujaandika neno, omba hadidu za rejea za mradi huo uzisome. Jedwali la miti nalo litaje kwa ukurasa na mstari. Sisi wataalamu wa TAM tumesajiliwa, na mbuyu kwenye msitu wa ukungu unatia shaka kazi yote ya uwandani ya mwenzangu, si mti mmoja. Hilo sitamtetea.

---

Mzee wa Tochi alijibu:

Binti yangu, hujambo. Nimefurahi kukuta afisa anayejua mbuyu hauoti wapi.

Mimi tangu ujana wangu nimewashikia tochi watafiti wa vyura kwenye milima hii, Usambara, Nguru, Uluguru mpaka Udzungwa. Nitakueleza ninavyoliona jambo lako, na nitaanzia na kitu ambacho rasimu yako imekiruka bila mtu kugundua.

Soma tena hiyo sura na utafute neno "eneo la mradi". Mshauri aliyeandika rasimu ametembea pale penye banio, njia ya bomba na kiwanja cha mitambo. Ukijumlisha ni hekta chache, tena nyingine ni mashamba ya iliki. Ndiyo maana akaandika kwamba athari ni ndogo, na kwa hekta hizo huenda amesema kweli. Lakini kitakachoumia ni zile kilomita mbili za korongo ambako hakuna mtu atakayelaza jiwe wala kumwaga zege. Maji yakiondoka, korongo limebadilika, hata kama hakuna mti uliokatwa. Kwa hiyo jambo la kwanza unaloandika ni hili: eneo la mradi lianzie juu ya banio na liishie pale maji yanaporudi mtoni, mto wote uliopo katikati ukiwemo, pamoja na kingo zake hadi pale umande wa maporomoko unapofika. Ukilipata hilo, mengine yanafuata yenyewe, kwa sababu mshauri hataweza kukaa kimya juu ya mahali ambapo yeye mwenyewe amepachora kwenye ramani.

Na usidhani nasema kwa nadharia. Nchi yetu imelipa ada ya somo hili pale Kihansi.

Wadogo huenda hamlijui vizuri. Mto Kihansi unateremka kutoka Udzungwa kwa maporomoko makubwa. Miaka ya 1990 likajengwa bwawa la umeme wa megawati 180, kwa mkopo na misaada ya Benki ya Dunia na nchi za Ulaya. Ulikuwa mradi uliosifiwa kwa sababu bwawa lenyewe ni dogo, halikuhamisha watu wengi wala halikuzamisha msitu mkubwa. Tathmini ya mwanzo haikuzama kwenye korongo chini ya maporomoko. Ni mahali pagumu, kuta zimesimama, mawe yanateleza. Mwaka 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza, watafiti waliokuwa wakifuatilia mazingira ya mradi wakafika chini na kukuta vijibustani vya majani vinavyolowa mchana na usiku kwa manyunyu ya maporomoko. Ndani ya majani hayo mlikuwa na chura mdogo wa rangi ya dhahabu, hafiki sentimita tatu, anayezaa watoto hai badala ya kutaga mayai. Sayansi ilikuwa haijawahi kumwona. Wakampa jina la *Nectophrynoides asperginis*. Makazi yake yote duniani yalikuwa takriban hekta mbili. Ni miongoni mwa makazi madogo kabisa yanayojulikana ya mnyama mwenye uti wa mgongo.

Sasa fikiria uko kwenye ofisi ya mradi siku hiyo. Mikataba imesainiwa, mahandaki yanachimbwa, nchi inahitaji umeme. Unafanya nini na chura?

Mitambo iliwashwa, na karibu asilimia tisini ya maji yakaacha kupita kwenye maporomoko. Manyunyu yakakatika, bustani zikaanza kukauka. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 wakachukuliwa na kupelekwa Bronx Zoo, New York, wafugwe huko. Korongoni kukafungwa mfumo wa mabomba ya kunyunyiza maji kuiga yale manyunyu. Na kwa muda ulisaidia: katikati ya mwaka 2003 vyura walikadiriwa kufika 20,000. Halafu ndani ya miezi michache wakaporomoka karibu wote. Kuvu inayoua vyura duniani kote, ile ya kitridi, ilikutwa pale, na watu wakabishana pia juu ya matope yaliyofunguliwa kutoka bwawani. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka uliofuata wakarudishwa vyura mia moja kutoka Marekani hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu 2012 wamekuwa wakirejeshwa korongoni kwa majaribio.

Ndege, maabara, vyumba vya kufugia, mabomba ya kunyunyiza, wataalamu wa nchi tatu nne, miaka zaidi ya ishirini. Yote kwa sababu watu walishuka korongoni baada ya michoro kukamilika. Wangeshuka kabla, pengine banio lingekaa kwingine, au kiwango cha maji ya kuachia kingewekwa kwenye hesabu za mitambo tangu mwanzo. Jambo hili linaniuma mpaka leo, na ndiyo maana nakuandikia kwa urefu hivi.

Usambara yako ina ndugu wa chura huyo. Anaitwa *Nectophrynoides tornieri*, naye anazaa watoto hai, ukimtafuta usiku utamkuta amekaa juu ya majani ya vichaka, mdogo kama ncha ya kidole. Kwenye maporomoko kuna mwingine, mkubwa, wa rangi ya mwamba. Viluwiluwi wake hawakai kwenye dimbwi. Wanang'ang'ania ukuta wa jiwe pale maji yanaporukia, wamejibana kama ruba, nusu mwili uko hewani. Ukipunguza maji hadi jiwe likauke, huna haja ya kumuua mmoja mmoja. Na kwenye kuta hizo hizo zenye kivuli ndiko linakoota lile ua la zambarau la Usambara ambalo Wazungu wanalipanda kwenye vyungu madirishani. Lilichukuliwa huko kwenu mwaka 1892 na ofisa wa Kijerumani, likaenea dunia nzima, na asili yake bado ni miamba kama hiyo unayoandikia ripoti.

Sasa, Agosti mchana utaona nini? Utaona nyani, na kima, na ndege mbalimbali. Vyura hutafutwa hivi: unangoja giza liingie, ikiwezekana mvua iwe imenyesha mchana. Mnaingia mtoni mkipanda juu, si mkishuka, ili matope yenu yabaki nyuma. Tochi unaishika usawa wa jicho, upate mng'ao wa macho yake. Kila hatua chache mnasimama, mnazima, mnasikiliza. Kuna sauti moja ni kama mtu anagonga kokoto mbili, nyingine huisikii mpaka maji yatulie. Kisha mnafunua majani makavu kwa mkono, taratibu. Usiku mmoja mzuri wa vuli utakupa kuliko Agosti nzima. Kwa hiyo rasimu inaposema "hakuna iliyoonekana", wewe uliza saa ngapi, mwezi gani, nani alitazama, na alisimama wapi. Andika hivyo hivyo.

Kuhusu "zitapunguzwa kwa kupanda miti": miti ni mizuri, ila haileti manyunyu. Utaratibu unaokubalika kwenye kazi hii una mfuatano. Kwanza unajaribu kuepuka madhara, yakibaki unayapunguza, kisha unarejesha ulichoharibu, na fidia ya kuhifadhi mahali pengine inakuja mwisho kabisa, ukishathibitisha kuwa hizo tatu za mwanzo zimefika kikomo. Rasimu yako imeruka moja kwa moja hadi mwisho. Na hata fidia yenyewe ina mitihani yake. Waganda walipojenga Bujagali kwenye Nile, mwaka 2007 walikubaliana na Benki ya Dunia kwamba maporomoko ya Kalagala yatatunzwa kama fidia. Haikupita miaka mingi likaja bwawa la Isimba chini yake, na maji yake yakazamisha sehemu ya eneo lililoahidiwa. Kwa hiyo ukiahidiwa fidia, uliza ni eneo gani, nani ana hati yake, na kitu gani kitamzuia mtu mwingine kuja kulichukua.

Kuhusu mkuu wako wa idara: mwambie kwa heshima kwamba chura wa Kihansi alihitaji hekta mbili. Ukubwa wa mradi haupimi ukubwa wa kinachopotea.

---

MwanaLamu alijibu:

Dada BintiSambaa, salamu kutoka Lamu. Mzee amelimaliza la korongo, mimi nitaligusa lile swali lako la mipango, kwa kuwa huku kwetu ndilo lililotuumiza.

Bandari mpya ya Lamu ilipopangwa haikuwa bandari peke yake. Mpango ulikuwa na reli, bomba la mafuta, barabara, uwanja wa ndege, mji wa kitalii, kote hadi Sudan Kusini na Ethiopia. Lakini tathmini iliyotangulia ilishughulikia magati matatu ya kwanza. Kila kipande kikawa na karatasi yake. Hakuna karatasi iliyouliza vipande vyote vikija pamoja, mikoko itasimama wapi na wavuvi watatega wapi. Nawe ujue zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kaunti hii. Uchimbaji wa mlango wa bahari ulipoanza, maji yalichafuka, na wavuvi wenye madau madogo, wasioweza kwenda bahari kuu, ndio walioona mwanzo.

Wavuvi walikwenda kortini. Mwaka 2018 Mahakama Kuu huko Malindi iliamua walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76, wavuvi zaidi ya elfu nne, na ikasema tathmini ya kimkakati ya mpango mzima ilifaa kutangulia. Nilifurahi, sikatai. Lakini hukumu ilikuja wakati bahari ilikwisha kuchimbwa. Pesa hazioteshi nyasi za baharini, na samaki mdogo anakulia humo.

Kwa hiyo mipango ya halmashauri msiiache. Vijiji vyenu vina haki ya kupanga matumizi ya ardhi yao. Mkiketi kupanga, mito yenye maporomoko na chemchemi itiwe kwenye ramani mapema, na iandikwe mto upi unaweza kutoa maji na upi usiguswe. Mwekezaji akija akute ramani ipo. Atachagua pengine, wala hamtagombana naye. Tena waulizeni wazee wanaoingia msituni, si wataalamu peke yao. Huku, mahali samaki wanapozalia, wavuvi wa Kibajuni walipajua kabla ya meli yoyote ya utafiti.

---

Mshauri_Moro alijibu:

Naongezea la sheria, kwa sababu MwanaLamu ameligusa. Hapa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 inadai tathmini ya kimkakati kwa sera, mipango na programu zinazoweza kuathiri mazingira, na kifungu cha 105 kinataja umeme wa maji waziwazi: vituo vinapopangwa, wizara ya sekta ifanye tathmini ya kimkakati kwanza. Maana yake, swali la "mito ipi ya Usambara itoe umeme na ipi iachwe" halikupaswa kukuangukia wewe peke yako ukiwa na rasimu moja mkononi. Liandike hilo kwenye barua yako kama hoja ya kwenda juu. Sheria hiyo hiyo inazitaka halmashauri ziwe na mpango wa mazingira. Humo ndimo ramani ya MwanaLamu inapoingia ikapata nguvu, la sivyo itabaki karatasi ya ukutani.

---

BintiSambaa alijibu:

Asanteni sana wote. Mzee wangu, shikamoo.

Nimezipata hadidu za rejea. Zinasema "kuelezea mimea na wanyama waliopo". Neno usiku halipo, wala msimu. Zilipita kabla sijahamia hapa, ila sasa najua pa kushika.

Nimekaa na mkuu wa idara. La eneo la mradi amelikubali mara moja nilipomchorea. La mbuyu alicheka kwanza, kisha akanyamaza, akaniambia niliweke aya ya kwanza. Kilichobaki ni mambo mawili. Moja, anasema nikiomba vuli na masika nachelewesha umeme mwaka mzima na wananchi watanilaumu. Pili, mshauri amepigiwa simu, amesema hakuna shida kwa korongo kwa kuwa wataacha asilimia kumi ya maji ipite wakati wote. Asilimia kumi ni nzuri au mbaya? Sina cha kumjibia.

---

Mzee wa Tochi alijibu:

Marahaba, binti yangu.

La asilimia kumi, mjibu kwa Kihansi tena. Pale maji yaliyoachwa yalikuwa karibu kiasi hicho hicho, na bustani za manyunyu zilikauka. Asilimia peke yake haisemi kitu. Kinachotakiwa ni mtu ashuke korongoni maji yakiwa mengi, ya kati na machache, aweke alama jiwe linalowa hadi wapi na umande unafika wapi, kisha akutane na mhandisi wapige hesabu ni kiasi gani cha maji kinachotunza ile mipaka ya unyevu. Inawezekana ikawa kumi, inawezekana ikawa thelathini. Tena maji yasiwe ya kiwango kimoja mwaka mzima. Mto una masika yake, na baadhi ya viumbe husubiri mafuriko ya masika ndipo wazaliane. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inayapa mazingira nafasi yake mara tu baada ya maji ya kunywa na matumizi ya nyumbani. Kwa hiyo huombi hisani. Barua yako nakala iende Bodi ya Maji Bonde la Pangani, kwa kuwa kibali cha kutumia maji kinatoka kwao, na mito ya upande wenu mingi inaungana na Zigi, ambako mji wa Tanga unakunywa kupitia bwawa la Mabayani. Mjini nao wana maslahi, ingawa kwa mradi unaorudisha maji mtoni hoja hiyo usiivute sana.

La kuchelewa: vuli inaanza Oktoba. Waanze vuli hii hii, usiku, korongoni, bila kungoja ripoti nzima irudiwe. Upimaji wa njia ya bomba na mazungumzo ya ardhi na wananchi yaendelee sambamba, hayo hayamgusi chura. Masika wanamalizia. Mradi wa aina hii haujengwi ndani ya miezi mitano hata ukipewa cheti kesho, mkuu wako anajua hilo kuliko mimi. Na kama vuli ikionyesha korongo lina kiumbe asiyepatikana kwingine, wahandisi bado wana muda wa kulisogeza banio juu au chini kabla hawajaagiza bomba. Ukienda kwa wananchi waeleze hivyo hivyo, usiwafiche kitu. Watu wa iliki wanajua thamani ya unyevu.

Mshauri_Moro, kijana wangu, wewe unazijua mashine. Msaidie la banio.

---

Mshauri_Moro alijibu:

Sawa mzee. Dada, andika masharti haya mawili yaingie kwenye mpango wa usimamizi wa mazingira wa mradi, kwa maneno haya au yanayofanana nayo.

La kwanza: tundu la kupitisha maji ya mto liwekwe kwenye ukuta wa banio chini ya usawa wa mdomo wa bomba, na lisiwe na geti la kufunga. Hivyo kiangazi maji yakipungua, mto unapata haki yake kwanza na mitambo inapata kinachobaki. Ukiweka geti, atakayelifunga ni fundi wa zamu saa tisa usiku umeme unapokatika, hata kama meneja ni mwema. Ile ongezeko la masika halihitaji geti, maji ya ziada yatamwagika juu ya banio yenyewe, mradi bomba lisiwe kubwa kupita mahitaji. Kwa hiyo kipenyo cha bomba nacho kitajwe.

La pili: kipimio cha maji kipakwe rangi kwenye mwamba chini ya banio, mahali panapofikika kwa miguu, chenye mstari mwekundu wa kiwango cha chini. Mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kamati ya mazingira awe na daftari, asome kila wiki, na awe na namba ya simu ya Bodi ya Maji. Rasimu nyingi zinasema mwendeshaji atajifuatilia mwenyewe na kutuma taarifa kila mwaka. Wewe kataa hilo kwa maandishi.

Ukimaliza kuandika, toa jina la mradi na la mto, tuwekee hapa tuipitie kabla haijatoka.